Basikete Mbili za Mguu wa Kushoto

Sisi tuliokua Kindu, mashariki ya Kongo, miaka ya vita tunajuana kwa miguu. Utatukuta leo kwenye harusi, tumevaa vizuri, tumejipaka mafuta, tumekaa kwenye viti vya mbele. Wewe tazama chini tu. Vidole vyetu vimeachana kama ndugu waliogombana. Kisigino ni kipana, na kidole gumba kimejitenga kinatazama upande wake. Hiyo ni miguu iliyokua bila kufungwa. Muuza viatu yeyote wa soko kuu akiniona nakuja anajua kwamba atahangaika: urefu ni wa mwanamke, upana ni wa mpiga makasia.

Pamoja na hayo, au pengine kwa sababu ya hayo, mimi ni mgonjwa wa basikete, yaani raba. Kuna wanawake wanaokusanya vikwembe, yaani vitenge, kuna wanaokusanya sufuria wasizopikia. Mimi nakusanya viatu vya kukimbilia, ingawa sikimbii. Ninazo nyeupe za kazini, kwani mimi ni mkunga na nasimama kutwa. Ninazo za buluu za sokoni, na nyekundu za sherehe, ambazo nazivaa na kikwembe. Kina mama wenzangu walinisengenya weee mpaka wakachoka. Sasa nusu yao wananivuta pembeni kuniuliza nimezipata wapi.

Nina maoni yangu kuhusu viatu hivi, na hakuna aliyeyaomba. Basikete njema ni nyeupe. Najua, vumbi la Kindu ni jekundu, na mvua ikinyesha vumbi linakuwa tope la kufyatulia matofali. Ndiyo maana hasa! Mtu anayetoka mtaa wetu wa Mikelenge akafika mtaa wa Kasuku na basikete nyeupe, zikiwa bado nyeupe, ametazama mbingu kabla ya kutoka, amechagua pa kukanyaga, hakugombana na mtu njiani. Huyo ni mtu wa kumpa binti yako. Soli nayo isizidi kimo. Hizi za leo, nene kama mkate uliokandwa na hamira nyingi, zinamfanya kijana atembee kama anavuka kijito kwa kurukia mawe. Na kamba zifungwe. Vijana wanaziacha zinaburura chini, zinakusanya majani na nywele za saluni, ukiwaambia wanasema mtindo njo huo, yaani ndio huo. Kuosha ni kwa mswaki mzee na sabuni kidogo, halafu unazifunika kwa karatasi nyeupe ya chooni na kuzianika kivulini, zisigeuke njano.

Binti yangu Neema hunicheka kwa karatasi hiyo. Anasema viatu vyangu vinafanana na wagonjwa waliofungwa bandeji. Yeye anazo basikete ambazo hajawahi kukimbia nazo, maana anaogopa zitakunjika hapa mbele. Anazivaa mpaka mlangoni, anapigwa picha, anazivua. Enzi zetu, mwanangu, kiatu kilikuwa cha kufika nacho mahali.

Ila kabla ya kukivaa, kwanza kilibidi kifike.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa pale stesheni, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya Idi. Treni ndiyo iliyotuletea kila kitu: chumvi, sabuni, madaftari, viatu. Vita ilipofika, treni ilikata, haikuja tena. Nyasi zikaota katikati ya reli, halafu vichaka, halafu sisi watoto tukawa tunachuma mchicha kati ya mataruma. Baba hakubadili ratiba yake. Kila asubuhi alivaa nguo zake za kazi, akaenda stesheni, akakaa na wenzake ndani ya behewa tupu wakicheza dama kwa vizibo vya chupa. Jioni Mama alikuwa akimuuliza, bila kebehi hata kidogo:

"Baba Ramazani, treni imefika?"

"Bado. Lakini siku itakuya, itanikuta pale."

Tulikula tulichopanda nyuma ya nyumba. Kutoka mjini kwenda shambani ilikuwa hatari, hujui utakutana na mwenye bunduki gani, kwa hiyo kila parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ya Mikelenge ililimwa mpaka mlangoni. Tulikula sombe ya majani ya mihogo, matembele, mihogo, na kesho yake sombe. Mama alikuwa akipakua sombe isiyo na chumvi na kutuambia, "Leo muwaze chumvi." Nasi tuliiwaza kweli, tunafumba macho, tunatafuna polepole. Ndege za mizigo zilitua mara mojamoja na kuleta vitu vizuri, lakini vitu hivyo watoto wa reli tulivitazama tu.

Msidhani tulikuwa watoto wa huzuni. Jua likipoa, avenye nzima, barabara yetu ya mtaa, ilijaa wasichana wakicheza nzango. Wenzangu mnaikumbuka. Kwa asiyeijua: wasichana wawili wanatazamana, timu zao ziko nyuma zikiimba na kupiga makofi, mnaruka pamoja, mnatua, na kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Timu moja inapata pointi miguu ikifanana, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Nyingine inapata ikitofautiana. Mchezo wote ni kumsoma mwenzako kabla hajatupa. Mimi na rafiki yangu Godeliva tulikuwa nguzo za avenye yetu. Tulicheza miguu mitupu, vumbi likatupanda mpaka kiunoni, na Mama alikuwa akituita kuoga kwa sauti iliyovuka parsele nyingi: "Sakina! Unataka kulala ukiwa tofali?"

Mwaka nilipomaliza shule ya msingi, ikakaribia proklamasio, siku ile wazazi wote wanakuja uwanjani kusikia majina ya waliofaulu yakisomwa. Hata katikati ya vita, siku hiyo watu walijitahidi. Shati la baba lilipunguzwa likawa gauni. Nywele zilisukwa upya. Tatizo lilikuwa chini. Nilisema mara moja tu, tukiwa tunakula, kwamba ningependa siku hiyo kuwa na basikete. Sikulia wala sikununa. Nilisema kama mtu anavyosema angependa kuona bahari.

Kaka yangu Ramazani, ambaye tulimwita yaya kama ilivyo desturi kwetu kumwita kaka au dada mkubwa, aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Nitakuletea kutoka Kalima."

Yaya Ramazani alikuwa kijana mwembamba mwenye kucheka ovyo, na alikuwa na basikete zake mwenyewe, za kabla ya vita, ambazo alizitunza kuliko nafsi yake. Kazi yake siku hizo ilikuwa kusukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, iliyopakiwa mafuta ya mawese na samaki wakavu, avuke mto mpaka Alunguli, halafu apite msituni na wenzake hadi Kalima. Kule wachimbaji wa madini walikuwa na chumvi, sabuni na nguo, vitu vilivyoshuka kwa ndege ndogo. Hapandi baiskeli hiyo hata kidogo. Ni kusukuma tu, mlima na tope, na kila mahali kuna bariera ya watu wenye silaha wanaotaka chao.

Safari hiyo Mama hakuitaka. Alimfungia mihogo iliyochomwa na kumwambia, "Mutu njo mali. Vingine unaacha." Yaya akacheka, akaondoka.

Siku za kawaida za kurudi zikafika, zikapita. Baada ya shule mimi na Mama tulishuka mtoni, mahali mitumbwi inapofikia, tukawa tunatazama kila mtumbwi unaotoka Alunguli kama una baiskeli. Mitumbwi mingi ilikuja na kuku, na ndizi, na watu wa watu wengine. Halafu mwanamume mmoja aliyetoka njia ya Kalima akatuambia kwamba kulipigwa risasi karibu na soko la kule, na wasukuma baiskeli walitawanyika msituni. Hakujua zaidi.

Mama aliacha kula. Hakusema anafunga wala anaumwa. Alipakua, akatazama sahani, akampa mtu. Na Baba, kesho yake asubuhi, alivaa nguo zake za kazi kama kawaida, akatoka, lakini hakuelekea stesheni. Alikuja mtoni. Akasimama pale ukingoni kutwa, mikono nyuma, kama vile anangoja behewa. Wale wenzake wa dama wakamfuata. Majirani nao wakawa wanashuka, mmoja mmoja, na mkeka, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyesema amekuja kufanya nini.

Alifika alasiri moja yenye mawingu. Mtumbwi ulikuwa na watu wengi na hauna baiskeli hata moja, ndiyo maana tulikuwa tumeacha kuutazama. Godeliva ndiye aliyenishika mkono.

"Sakina, yule si yaya wako? Yule mwenye gunia."

Alikuwa amekonda zaidi, uso umejaa mikwaruzo, miguu mitupu imevimba, na kichwani ana gunia dogo la makaa. Mama aliingia majini na kikwembe chake chote. Alimshika uso, mabega, mikono, akawa anamhesabu kama mtoto aliyezaliwa saa hiyo.

"Uko muzima? Macho iko? Unasikia?"

"Mama, niko muzima. Kinga njo walikamata. Na chumvi. Na viatu vyangu."

"Waache wavae," Mama akasema, na hapo ndipo akalia.

Baba alimpa mkono, kama wanavyopeana watu wazima, akaushika muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: "Sasa makaa ni ya nini? Umetoka Kalima na makaa?"

Yaya akalitua gunia mbele yangu. "Sakina, mwaga."

Nikamwaga. Katikati ya makaa kulikuwa na furushi la majani ya ndizi, na ndani ya majani, basikete. Nyeupe! Yaani, zilikuwa nyeupe. Wakati huo zilikuwa na rangi ya panya. Watu wa bariera walipekua kila kitu, yaya akatueleza, lakini hakuna mwenye bunduki anayetaka kuchafua mikono kwa makaa. Walimcheka, wakamwambia abebe takataka yake aende. Alitembea msituni na gunia hilo kichwani njia yote, akijificha mchana akisikia watu, akila mihogo mibichi.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimezikumbatia, gauni langu limekuwa jeusi, sisikii lolote. Baba ndiye aliyezichukua mikononi mwangu akaziinua juu, moja huku na moja kule, akifumba jicho moja kama alivyofanya akikagua kama mabehewa yamekaa sawa. Alizitazama. Akazigeuza. Akazitazama tena.

"Ramazani."

"Baba."

"Hizi zote mbili ni za kushoto."

Yaya alizichukua, akazilinganisha, akaiweka moja hewani kama anauvalisha mguu. Ilikuwa kweli. Soko la Kalima lilikuwa linakimbia, risasi zinalia, muuzaji anafunga rundo lake, naye alichomoa mbili zilizofanana akalipa na kutoka mbio. Alikaa chini kwenye mchanga. Nikadhani atalia.

Baba ndiye aliyeanza. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu kicheko kikamtoka kikubwa mpaka akashika goti. Tangu treni ikate sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Yaya akamtazama, naye akapasuka. Mama anacheka na machozi bado yanatiririka, wazee wa dama wanacheka, wapiga makasia wanauliza kuna nini, wanaambiwa, nao wanacheka. Mzee mmoja wa reli akasema mtoto huyu sasa hawezi kupotea njia, atakuwa anazunguka palepale Mikelenge. Nadhani tulicheka pia kwa vile vitu vingine vyote ambavyo havikuwa vimetokea.

Mama aliziosha kwa majivu na majani ya mpapai mpaka zikang'aa. Baba alichukua kisu, akapasua ile iliyokuwa ya mguu wa kulia hapa pembeni, kidole kidogo kipate mlango, akajaza pamba upande wa pili. Nikavaa. Mguu wa kushoto ulikuwa unaenda shule. Wa kulia ulikuwa unataka kumfuata wa kushoto nyumbani kwake. Siku ya proklamasio niliingia uwanjani nikiwa nimenyoosha shingo, na vumbi lote la Mikelenge nililikwepa. Wasichana wakanizunguka.

"Hiyo mutindo inatoka wapi?" akauliza mmoja wa sekondari.

"Kalima," nikasema.

"Kumbe Kalima njo wanavaa hivi!"

Godeliva, ambaye alijua kila kitu, alitazama mbali asije akacheka.

Jina langu lilisomwa. Nilifaulu. Baba alisimama katikati ya watu waliokaa na kupiga makofi peke yake mpaka Mama akamvuta shati. Na baada ya majina, kama kila mwaka, ikaja nzango: wasichana wetu na wasichana wa Kasuku, ambao walikuwa wanatushinda tangu dunia iumbwe. Walikuwa na msichana mmoja mrefu, Fatuma, aliyesoma miguu ya watu kama sisi tunavyosoma ubao. Alikuwa anatazama unavyotua tu, kabla hujatupa, anajua.

Mimi nilipotua mbele yake, akatazama chini, akaona pua za viatu vyote viwili zimeelekea upande mmoja. Nikatupa kulia, yeye alikuwa amejiandaa kwa kushoto. Pointi yetu. Tukaruka tena. Nikatupa kulia tena. Pointi yetu. Alifuta macho. Alianza kunitazama usoni, lakini nzango haichezwi kwa uso. Godeliva na wenzake nyuma yangu walikuwa wanaimba mpaka sauti zinapasuka. Mwishoni Kasuku walisimamisha mchezo.

"Mwalimu! Anatudanganya na viatu!"

Mwalimu Asumani, aliyekuwa mwamuzi, mtu mnene na mpole, alichuchumaa kwa shida mbele yangu. Alitazama kiatu kimoja, akatazama cha pili, akatazama kidole changu kidogo kilichokuwa kimetoka nje kupata hewa. Aliinama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na nikaona mgongo wake unatikisika. Aliposimama uso wake ulikuwa wa hakimu.

"Sheria inasema mguu," akatangaza. "Haisemi kiatu. Muendelee."

Tulishinda. Watu wa Mikelenge walinibeba, na nilipobebwa niliinua miguu juu ili kila mtu azione basikete vizuri.

Vita haikuisha siku hiyo. Tuliiwaza chumvi muda mrefu bado. Lakini iliisha, na asubuhi moja honi ya treni ikalia upande wa kusini, mji mzima ukakimbilia stesheni, na Baba alikuwa palepale, katika nguo zake za kazi zilizojaa viraka, tayari kufunga mabehewa. Ilimkuta. Alipofariki, miaka mingi baadaye na kitandani mwake, wenzake wa reli ndio waliombeba. Yaya Ramazani leo ana duka la vipuri vya pikipiki Kasuku, ana tumbo, ana wajukuu, na miguu yake haikupona vizuri tangu ile safari, kwa hiyo anavaa mapapa tu, yaani ndala. Jumapili anakuja kwangu, tunakaa nje ya parsele, tunatazama vijana wanavyopita na viatu vyao. Mimi natoa hukumu, yeye anacheka ovyo vilevile.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa hivyo, pikipiki ikasimama getini, Neema akatoka mbio, akapokea boksi, pikipiki ikaondoka. Alikuwa ameziagiza kwa simu kutoka Goma, zikaja na ndege. Alizifungua mbele yetu. Niseme ukweli: zilikuwa nzuri sana. Nyeupe, soli ya kiasi, na zilimkaa mguuni kama vile zimekua naye.

"Nani amezileta?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama. Mutu wa pikipiki."

"Yuko namna gani? Ulimuona uso?"

"Mama!" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Nimuone uso wa nini? Viatu si vimefika?"

Vimefika, kweli. Siku hizi kila kitu kinafika, na namshukuru Mungu. Sitaki mtoto wangu asimame ukingoni mwa mto siku nzima kwa ajili ya chochote. Lakini nilishindwa kumweleza kwamba sisi mzigo ulikuwa unakuja na mtu, na tulimtazama mtu kwanza, macho, mabega, mikono, na mpaka tumalize kumtazama tulikuwa tumeshasahau mzigo. Neema akafunga kamba, akainuka, akaenda kuwaonyesha wenzake. Mimi na Yaya Ramazani tukabaki tunatazama barabara, kule pikipiki ilikoelekea. Ilikuwa imeshapotea, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua.